Mwenye Jina la Kukodi

Mwenye jina la kukodi, kwake hupiga hodi. Mmemsikia shangazi yenu akimtupia dalali neno hilo, mkacheka bila kujua mnachochekea. Haya, kaeni niwaambie. Lilizaliwa hapa hapa Tanga, mtaa wa nyuma yetu, na mimi nilikuwapo.

Kiondo Shemzigwa aliuza shamba la minazi aliloachiwa na mama yake ili afungue jimu, nyumba ya kufanyia mazoezi. Angeiita Jimu ya Kiondo ingetosha. Lakini alisikia kuna kampuni ya Dar, Mwili Chuma, inakodisha jina lake. Unalipa, unaliandika juu ya mlango, wateja wanajileta. Jamani, jina lina miguu? Mimi sikuelewa, lakini yeye alijiona ameula.

Si kwamba hakuuliza kitu. Aliuliza mashine zinatoka wapi, na zikiharibika atazitengeneza nani. Ila hakumwendea hata mmoja wa waliotangulia kukodi jina lile akamuuliza anaishije nalo. Wala hakuuliza: nikitaka kubadili kitu humu ndani, mwenye kauli ni nani?

Jimu ikafunguliwa, ukuta wa mbele wote kioo kitupu. Wateja wa kwanza tulikuwa akina mama wa mtaani, maana magoti yalishaanza kutugomea. Tukapanda mashine za kukimbilia. Kugeuka, wanywa kahawa wote wamejipanga nje wanatutazama tunavyotikisika! Nilishuka nikajifunga kanga, nikaenda zangu, na wenzangu nyuma.

Kiondo akaja nyumbani kwangu amechanganyikiwa. "Dada Mwanamkuu, mbona mmenikimbia? Ninyi ndio mlionijazia jimu. Msiporudi, shamba la mama nimelitupa."

"Tundika pazia," nikamwambia. "Kesho tupo."

Akatundika pazia zito la kijani, nasi tukarudi. Wiki haijaisha, simu ikapigwa kutoka Dar: matawi yote ya Mwili Chuma yanafanana, pazia litolewe. Akalitoa, tukaondoka. Akalirudisha, tukarudi. Simu ikapigwa tena. Maskini hakujua amsikilize nani. Ukimwuliza habari za asubuhi, anakujibu habari za pazia. Mashine kanunua yeye, kodi ya nyumba analipa yeye, mbona kitambaa kinamshinda? Hata mimi kichwa kiliniuma kwa kulifikiria jambo lile.

Mwishowe pazia akaliacha lining'inie. Asubuhi moja tukamkuta mlangoni anahangaika na ufunguo. Ufunguo unazunguka, mlango haufunguki. Umekomewa kwa ndani. Nyuma ya pazia tukasikia mtu anatembea. Kiondo akagonga.

"Hodi! Hodi humo ndani!"

"Nani?" sauti ya mwanamume ikauliza.

"Mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

Kiondo akatutazama, kama sisi ndio tungejua. "Mwenye jimu," akasema.

"Mwenye jimu ni Mwili Chuma," ikajibu ile sauti, kwa upole tu. "Mimi ni mkaguzi wao, na ufunguo wangu ninao kwa mujibu wa mkataba wako. Ulipigiwa simu pazia ulitoe, hukulitoa. Subiri hapo nje nimalize kulishusha."

Wenzangu wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Kiondo aliinua macho juu ya mlango, akayasoma yale maandishi makubwa mekundu mpaka mwisho, akayarudia. Jina lake halikuwamo. Akanigeukia.

"Dada," akaniuliza, "hivi mimi hapa ni nani?"

Wallahi sikumcheka. Nilimwonea uchungu, kwa sababu shamba lilishakwenda na mkataba ulikuwa bado mbichi. Ndipo maneno yakanitoka yenyewe, na mtaa mzima ukayachukua:

"Kaka yangu, mwenye jina la kukodi, kwake hupiga hodi."