Pipa Lililopumua

Hapo zamani, watu walipokuwa wapumbavu kama leo ila walivaa ngozi, Mangi mmoja, mtawala wa mlimani, alichoka kuinamia mtungi wa pombe.

"Nanywa kama ng'ombe horini," akasema. "Ndevu zangu zimejaa machicha na inzi. Sikukuu ya mavuno nataka mbege inijie yenyewe, mimi nimekaa. Atakayeweza nampa kihamba kile, shamba la chini na migomba yake yote."

Kihamba kile alikilima Aikande, mjane. Mangi alikwisha kumwambia, mavuno yakiisha ahame na wanawe wanne. Basi Aikande akapika mbege ya ndizi mbivu na ulezi, akaichuja mara tatu. Lakini mbege haina miguu.

Akamwendea Mringi, fundi wa mizinga ya nyuki. Mringi akachonga mapipa mawili, akaziba kila upenyo kwa nta, akachomeka kila moja mwanzi mrefu wenye kizibo mwishoni.

"Ikichacha humo itajisukuma," akasema. "Ukichomoa kizibo itakukimbilia mdomoni kuliko unavyoikimbilia wewe."

Mringi alijua nyuki. Pombe hakuijua. Aliziba mno. Na Aikande, kwa wasiwasi wa kihamba, alitia kimea cha ulezi mara mbili.

Desturi ya huko, pombe hainywi mtu kabla mpishi, mwenye pombe, hajaionja, ionekane haina sumu. Asubuhi ya sikukuu Aikande akaenda kuoga mferejini. Nyuma akaingia bandani penye mapipa Kishari, ndugu wa marehemu mumewe, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuwapo penye pombe. Akachomoa kizibo cha pipa la kwanza. Likapumua fyuuu, kama mama mkwe aliyefunguliwa mkanda. Akanywa mpaka akakaa chini, akarudisha kizibo nusunusu, akaondoka.

Punde pipa la pili, ambalo halikuguswa, likapasuka. Likaondoka na paa la banda na jogoo aliyekuwa juu yake. Aikande akaja mbio na maji mwilini, akakuta pipa moja.

Hilo likapelekwa kwa Mangi. Kizibo kikatolewa, mbege ikaja yenyewe, Mangi akatulia na mwanzi mdomoni kama mtoto wa kunyonya.

"Nani kafanya hivi?" akauliza.

"Mimi," akasema Aikande. "Mwanzi bila mbege yangu ungenyonya upepo."

"Mimi," akasema Mringi. "Mbege yake bila pipa langu, ungekuwa bado unatafuna inzi."

"Mimi," akasema Kishari, akiyumba. "Hawa wawili walipika radi. Pipa nililoiba ndilo unalokunywa. La waaminifu liko wapi? Tena desturi yasema mwenye pombe ndiye huonja kwanza. Nani alionja kwanza?"

"Shemeji, wewe ni mwizi."

"Hilo sijakataa, shemeji. Jibu nililouliza."

Mangi akanyonya, akafikiri, akanyonya tena, akasinzia bila kuamua. Mavuno yamekwisha, na watoto wanne wa Aikande wamekwisha kukunja mikeka.

Mimi ningeamua kwanza ndipo ninywe, lakini mimi si mwanamume. Haya, nyie mnaonikodolea macho: aliyepika, aliyechonga, na aliyeiba. Mkiamshwa nyie badala ya Mangi, kihamba mtampa nani?