Kanga Walivyoanza Msururu

Zamani hizo, kanga wa porini hawakujua msururu. Walikwenda malishoni ubavu kwa ubavu, kila mke na mumewe, wakidonoa na kupiga soga. Hata neno lenyewe halikuwapo, maana hapakuwa na kitu cha kuitwa hivyo.

Mize na mumewe Makame ndio waliosifika kwa mazungumzo. Makame akikumbuka kichekesho, humgeuzia mkewe uso, na Mize huanza kucheka hata kabla hajamaliza.

Kisha akahamia Riziki, mjane kutoka ng'ambo ya mto, madoa yake meupe pe. Moyo wa Mize ukawaka moto. Usimcheke, nawe ungewaka. Akitembea kando ya mumewe aliliona jicho moja tu, maana macho ya kanga yako pande mbili za kichwa. Sasa lile la pili lilikuwa likimtazama nani?

"Mume wangu, mbona umenyamaza?"

"Nina punje mdomoni, mke wangu."

"Punje gani hiyo isiyomezeka?"

Asubuhi iliyofuata Mize akarudi nyuma ya Makame, hatua moja, akikichunga kichwa cha mumewe kisigeuke huku wala huku. Riziki alipoona hivyo akadhani anasengenywa, akaja nyuma ya Mize kutega sikio. Jirani mmoja akamfuata Riziki, kwani naye alikuwa na mume na hakumwamini mjane yule. Mumewe naye akamfuata, akitaka kujua mkewe anakimbilia wapi. Kufika mchana kundi zima lilikuwa mstari mmoja, kila mtu kamkodolea macho wa mbele yake. Watu waliokuwa wakipalilia wakaacha majembe.

"Hebu tazameni msururu ule!" wakasema, na neno likabaki.

Makame alimngoja mkewe arudi ubavuni.

"Njoo basi nikwambie jambo."

"Liseme tu, nakusikia huku huku."

Akajaribu siku mbili tatu kusimulia huku akitazama mbele. Hakuona anayecheka, akaacha.

Na tangu siku hiyo kanga huenda majini kwa msururu, na sisi tukienda mmoja nyuma ya mwingine, harusini au mazikoni, twauita jina hilo hilo. Mize alipata alichotaka: Makame hakumgeukia mwanamke yeyote tena. Manyoya ya kisogo chake aliyajua moja moja, hata akifumba macho. Uso wake ndio aliousahau.