Kwa Nini Mbambara Huvua Majani Kiangazi

Msiucheke mti mfupi wa mbambara mkiukuta umesimama uchi kiangazi. Wapo waliocheka kabla yenu, na kilichowapata nitawaambia.

Hapo kale, katika nchi kavu ya Ugogo, vichaka vyote vilivaa majani mwaka mzima. Watu walipanda mibambara kuzunguka mazizi ya mbuzi, ikasongamana hata fisi hapenyi. Lakini wapi! Jua likikaza, ua mzima ulikauka ukafa, na fisi hawakungoja mwingine ukue.

Kulikuwa na mjane, Mbeleje, aliyeishi na mama mkwe wake na mbuzi wachache waliobaki. Huyo alikuwa mtu wa kuchunguza kila kitu. Kiangazi kimoja aliona mbuzi wamekula majani yote ya kichaka kimoja cha pembeni. Akafukua shinani, vidole vikagusa unyevu. Akaenda kufukua penye kichaka chenye majani tele, akatoka na vumbi.

"Hee! Kumbe wanywaji ni majani?" akasema. "Sasa nikiyavua yote, je?"

Aliogopa, maana ua ukifa mbuzi wamekwisha, na mbuzi wakiisha wao wawili watakula nini? Hata hivyo hamu ya kujua ilimzidi. Akavua majani ya ua wote, kichaka kwa kichaka, mpaka mikono ikanuka utomvu.

Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama mkwe hakucheka. Alivumilia siku kadhaa, kisha akaja na shoka.

"Umeshatuua, mkwe wangu. Basi hivi vijiti angalau tupikie."

"Mama, subiri kidogo, nakuomba."

Mbeleje mwenyewe hakuwa na hakika. Akakwangua gome kwa ukucha, polepole. Chini ya lile ganda kavu palikuwa na kijani kibichi, kinang'aa maji. Mama mkwe akagusa, akanusa kidole, akagusa tena.

"Mbona uko hai huu?" akanong'ona, akaweka shoka chini.

Kiangazi hicho nyua za majirani zilikufa zikiwa na majani yake, na fisi wakaingia. Mvua iliponyesha, ua wa Mbeleje ulichipua wote. Waliocheka walikuja kuomba vipandikizi kwa adabu, naye akawapa. Kiangazi kilichofuata, kabla mtu hajanyoosha mkono, majani yakageuka manjano, yakaanza kudondoka yenyewe. Mbeleje alisimama katikati yake akicheka kwa furaha.

Na tangu siku hiyo mbambara huvua majani wenyewe jua likikaza, ukatunza maji yake ndani. Na kule, mke mgeni akifika, kabla hajaonyeshwa jiko wala kisima, mama mkwe humshika mkono akampeleka kwenye ua ulio uchi, akamwambia, "Kwangua hapa, mwanangu."