Kiti Kimoja kwenye Lori la Mapokezi

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi maana soda zilikuwepo, Nyamizi aliishi kambini, kwenye nyumba za familia za askari, na wanawe watatu: Wande, Masanja na Limi. Mumewe, Sajini Luhende, alipangiwa kulinda amani nchi ya mbali. Siku ya kuondoka aliwaona wanawe wakihema kwa kupanda ngazi tatu tu.

"Nyie ni watoto wa askari au magunia ya viazi?" akafoka. "Lori la mapokezi, la kuja kutupokea uwanja wa ndege, hubeba mtoto mmoja kwa kila familia. Nikirudi, aje aliyefanya kazi kubwa kuliko wote kuutoa uzembe humu ndani. Mama yenu ataamua."

Basi Wande akaanza mbio. Siku ya kwanza alitapika mbele ya mkuu wa kambi. Kesho yake akarudi. Mwaka ulipokwisha, kwenye uwanja wa gwaride hakuna mtoto wa kumshika.

Masanja akaacha soda, akalia siku tatu kama mfiwa. Kisha akalima mchicha nyuma ya nyumba, chipsi zikahama mezani.

Limi, kitinda mimba, hakukimbia wala hakulima. Alichukua filimbi ya baba akaipuliza alfajiri. Lahaula! Askari wa mtaa mzima wakatoka mkuku wakidhani ni dharura, mmoja ana povu la sabuni kidevuni, mwingine kajifunga kanga ya mkewe. Walimfokea huyo mtoto! Lakini nduguze walikuwa wameshaamka. Tangu hapo akawapulizia masikioni kila alfajiri, kisha yeye akarudi kulala na andazi lake.

Miaka miwili ikapita, siku ya mapokezi ikafika. Wote watatu wamevaa viatu, kila mmoja tayari kupanda lori.

"Jasho lilimwagwa na nani?" Wande akauliza.

"Na ulikimbia na nini tumboni? Mchicha wangu!" akajibu Masanja.

"Mngekuwa mnakoroma mpaka leo," Limi akadakia. "Halafu mimi ndiye mdogo, sura ya baba naanza kuisahau."

Nyamizi alianza kucheka, akakatisha. Wote watatu walimlilia baba yao miaka yote miwili, na sasa wawili atawaliza yeye mwenyewe. Alimlaani mumewe kimoyomoyo kwa kumwachia mzigo huo.

Dereva akapiga honi. "Mama Wande, mmoja! Tunaondoka!"

Haya, nyie mnaotafuna mihogo mkinisikiliza: Nyamizi amshike nani mkono, ampandishe?