Herufi Zilizofungwa Kitambaani

Acha kukunja midomo, wewe uliyekaa karibu na dirisha. Unajiuliza moyoni, herufi tu, zitamliza nani? Tulia usikilize, kisha ubishe ukiweza.

Kulikuwa na mpiga chapa mmoja aliyerithi kwa baba yake kasha la herufi za chapa, za madini ya risasi. Si hizi nyembamba za siku hizi, zinazosimama kama njiti za kiberiti. Zile zilikuwa nene, nyeusi tii zikishapakwa wino, na kila moja ilikuwa na vijiguu vyake, imekanyaga mstari ikatulia. Alizitumia kwa mambo mazito tu: tangazo la msiba, jina la askofu, bango la mkutano wa injili. Kazi ikiisha alizisugua kwa mafuta ya taa, akazifunga kitambaani kama mtoto mchanga. Risasi hulika, alisema, na wa kuyeyusha nyingine hayupo.

Mama yake alikuwa msomaji wa zaburi kwenye jumuiya ya akina mama. Macho yakaanza kufifia. Maandishi ya kitabu, alilalamika, yanaogelea kama viluwiluwi. Akaomba apigiwe chapa zaburi moja tu, ile aipendayo, kwa zile herufi zenye miguu, maana hizo husimama mtu akaziona.

“Mama, hizo ni za shughuli.”

“Na mimi ni nini, baba?”

“Wewe ni mama. Utanielewa.”

Hakumkatalia, la. Alisema kesho, kisha akasema baada ya Pasaka. Mama akaendelea kusoma kwa kukisia, mpaka siku aliporuka mstari, wenzake wakatazamana. Usomaji akapewa mwingine. Tangu hapo alikaa karibu na mlango, kitabu kimefungwa mapajani, wala hakumwomba tena mwanawe.

Akafa wakati wa masika.

Hapo ndipo kitambaa kilipofunguliwa. Mwana alipanga zaburi nzima huku analia, akapiga nakala za kumtosha kila mwombolezaji. Watu waliisifu kazi. Waliporudi kutoka makaburini alimfuata mama yake mdogo chumbani kwa marehemu, amwulize kama imefaa.

“Nimesoma bila miwani,” alisema yule mama. “Na makali ya herufi zako hayajalika hata kidogo.”

“Nilimtunzia, mama mdogo.”

“Basi mpelekee akasome.”

Na sisi je? Nani kati yetu hana kasha lake? Neno zuri tumelifunga tukingoja msiba, ndipo tulipige kubwa kwenye fulana na kwenye wasifu wa marehemu, tusomeane sisi tunaoona. Aliye hai tunampa vijiherufi vyembamba: baadaye, nina kazi. Mungu akituuliza kwa nini herufi zetu zimebaki nzima, tutasema tulikuwa tunazitunza?

Mpiga chapa alifungua kinywa ajitetee. Mama yake mdogo hakungoja. Aliilaza karatasi juu ya mto wa dada yake, maandishi yakitazama juu, akatoka, akafunga mlango.