Pipa la Mzee Luhende

Zamani hizo, wanangu, wanyama walipokuwa wakifunga milango kwa komeo na kuamkiana asubuhi, aliishi pelele mmoja, mnyama mdogo wa majabalini, aitwaye Kabula. Aliishi peke yake katika nyumba ya mawe yenye vyumba tisa.

Ndugu zake walihama. Tembo, Mzee Luhende, na rafiki yake nyati, Maduhu, waliichukua chemchemi iliyokuwa ya wote, wakasema, "Wadogo wasikanyage hapa!" Siku ya kuhama Kabula alikuwa amevunjika mguu. Wakamwambia, "Tutakuja kukuchukua." Hawakuja. Mguu ulipona, naye akazoea kulamba umande wa majani na kuzungumza na nafsi yake.

"Umeamkaje, Kabula?"

"Salama tu, Kabula."

Kiangazi kilipoukausha umande, alikwenda kwa Luhende. Hodi! Hodi!

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Kabula. Shikamoo, babu."

"Marahaba. Maji hakuna!"

"Sijaja kuomba, babu. Tushindane. Atakayerusha maji mbali zaidi, chemchemi yake."

Maduhu akacheka, hoo-hoo-hoo! mpaka pembe zikagonga mlango, ko! "Wewe? Hata mate yako hayafiki hapo!" Luhende akakubali, wakatoka nje.

Uani palikuwa na pipa la Luhende, gogo refu lililochongwa ndani, limesimama juu ya jiwe kubwa, limejaa maji pomoni. Kabula akapanda, akaguguna, kru-kru-kru, akatoboa matundu matatu yaliyolingana ukubwa: moja karibu na ukingo, moja katikati, moja chini kabisa. Kila alipotoboa, aliziba kwa gunzi.

"Chagueni, wakubwa wangu."

"Mkubwa ni mimi," akasema Luhende. "Tundu la juu langu."

"La kati langu," akasema Maduhu. "Wewe chukua hilo la miguuni."

"Haya, babu zangu," Kabula akajibu kwa unyonge.

Wakachomoa magunzi kwa pamoja. Maji ya Luhende: tiri-tiri-tiri, yakalowesha jiwe tu. Ya Maduhu: churuu! yakaanguka hatua mbili. Ya Kabula: fwaaaa! yakavuka uwanja, yakapiga mlango, pwaa!

"Uchawi!" akanguruma Luhende. "Tubadilishane matundu!"

"Lakini babu, tulishakubaliana."

"Tubadilishane, nasema!"

Wakabishana weee, na huku maji yanazidi kutoka. Mwishowe Kabula akainamisha kichwa. "Basi, chukua langu."

Luhende akasimama kwenye tundu la chini, akatunisha kifua. Pipani mlikuwa mmebaki maji kidogo tu. Tiri... tiri... ti. Tone moja likamdondokea kwenye ukucha.

"Hata maji yamenikataa," akasema kwa sauti ndogo, akaingia ndani. Maduhu akahama siku hiyohiyo kwa aibu.

Kabula akanywa mpaka tumbo likalia bwa-bwa. Kisha akapanda jiwe, akawaita ndugu zake mmoja mmoja kwa majina. Kimya. Walikuwa mbali mno. Akashuka, akaketi kando ya chemchemi alasiri nzima. Ameshinda, naam, lakini amsimulie nani?

Jua lilipopunga, akaja Luhende, masikio yamelegea.

"Kabula, sikuja kunyang'anya. Nataka kujua tu. Maji yalinikataa kwa nini?"

Kabula akaitazama ile miguu mikubwa. Akisema kweli, tembo huyu aweza kumkanyaga na kuichukua tena chemchemi. Lakini mwaka mzima hakuna aliyemuuliza swali.

"Hayakukukataa, babu. Nilikudanganya. Maji ya chini yamebeba maji yote yaliyo juu yake. Yanabanwa, basi yakipata tundu yanaruka kwa nguvu. Ya juu hayana mzigo mkubwa. Na ulipolichukua tundu la chini, mzigo ulikuwa umeshamwagika. Nilijifunza kwa kibuyu changu kilichotoboka. Sina wa kuzungumza naye, kwa hiyo hukitazama kibuyu."

Kabula akafumba macho, akausubiri ule mguu mkubwa.

"Hebu nieleze tena," akasema Luhende, akaketi chini, tii! "Polepole. Halafu unigawie maji kidogo."

Wanangu, ujanja ulimpatia Kabula maji, na ukweli ukampatia wa kunywa naye.