Kwa Nini Kyamurasi Humuuliza Mgeni Empaako Kwanza

Karibuni ndani, wageni wetu. Mmefika Kyamurasi, na kabla hata hamjatua mizigo yenu, wenyeji wamewauliza empaako. Wale ambao hawakuwa nayo wamepewa papo hapo: huyu Amooti, yule Adyeri. Mwenzenu mmoja amecheka akasema kijiji hiki kina haraka ya kubatiza watu. Mimi naitwa Kabagenyi, empaako yangu Akiiki, na sikumlaumu. Hakujua. Lakini haraka hiyo ina asili yake, nami niliipokea kwa bibi yangu, naye kwa bibi yake.

Sisi Banyoro kila mtoto humpa majina mawili. Moja ni lake mwenyewe. La pili ni empaako, jina la mapenzi, ambalo wote nyumbani humwita kwalo. Mama humwita mtoto kwa empaako yake, na mtoto humwita mama kwa empaako ya mama. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tangu zamani. Ila zamani hizo, hapa Kyamurasi, empaako ilikuwa ya watu wa nyumbani tu. Mgeni hakuulizwa.

Mgeni aliulizwa mambo mengine. Kulikuwa na uzio wa miiba kuzunguka kijiji kizima, na lango moja. Uzio ule ulijengwa baada ya wateka watu kuvamia mashamba ya wimbi siku ya mavuno. Kabla ya uvamizi walikuja watu wawili wakijifanya wageni, wakala, wakashiba, wakaondoka wakijua kila njia. Basi mzee wa ukoo, Kasangaki, akaweka sheria: yeyote afikaye langoni ataje ukoo wake, baba yake na atokako. Asiyeweza, arudi alikotoka.

Siku ile ya uvamizi alichukuliwa mtoto mmoja wa kike, wa miaka minne. Mama yake, Nyamahunge, alikuwa amemlaza kivulini huku akivuna. Alipogeuka hakumwona. Alibaki na mwanawe wa kiume, kilema wa miguu, na huyo naye akafariki akiwa kijana. Nyamahunge akawa mtu wa kulima peke yake na kula peke yake, na wageni akawachukia kwa moyo wake wote.

Ikapita miaka ishirini. Alasiri moja ya masika akafika langoni mwanamke kijana, miguu imevimba, nguo zimelowa, macho mekundu kwa homa. Lugha yetu aliizungumza kwa kukwama, kama mtu anayeokota maneno gizani.

"Ukoo wako?" Kasangaki akamuuliza.

"Siujui. Niliondoka nikiwa mdogo."

"Baba yako ni nani?"

"Simkumbuki."

"Jina lako je?"

Akataja jina alilopewa na waliomlea, jina la ng'ambo ya ziwa. Watu wakatazamana. Nyamahunge alikuwa pale, na mzigo wa kuni kichwani. Kasangaki akamgeukia, maana neno lake lilikuwa na uzito katika jambo hilo.

"Wewe unasemaje, Ateenyi?"

Lakini empaako hiyo ya Nyamahunge aliitamka kwa sauti ya chini, kama wazee wanavyosemezana, na yule msichana hakuisikia.

"Mwacheni aende zake," Nyamahunge akasema. "Wageni ndio walionichukulia mwanangu."

Lango likafungwa. Mwanamke yule hakubishana. Alishuka polepole hadi kisimani, akaketi kwenye nyasi, mvua ikamnyeshea.

Asubuhi Kunihira, jirani yake Nyamahunge, alikwenda kuteka maji akamkuta amelala ubavu, anatetemeka. Akamfunika kwa kanga yake, akamnywesha maji, na kwa kuwa hakujua la kumfariji, akamuuliza kama mtu anavyomuuliza mtoto aliyepotea: "Mama yako alikuwa akikuitaje, mwanangu?"

"Abwoli," akajibu. "Nami nikimwita Ateenyi. Na kaka yangu Araali alikuwa hatembei."

Akaeleza kwamba ufukweni alisikia wauza chumvi waliotoka huku wakiitana Araali, akajua kwamba watu wake wako juu ya mlima huu, akapanda. Langoni aliulizwa jina, naye hakujua kwamba Abwoli ni jina. Alidhani ni neno la mama yake tu.

Katika Kyamurasi nzima ilikuwapo nyumba moja tu yenye Ateenyi, Araali asiyetembea, na Abwoli aliyepotea. Kunihira akaacha mtungi, akapanda mlima mbio.

Nyamahunge alishuka bila viatu, bila kilemba. Alipofika kisimani, mwanawe alikuwa amekwisha kukata roho, kanga ya Kunihira ikiwa bado imemfunika. Akampakata. Akamwita Abwoli. Akamwita tena na tena, kwa sauti ileile aliyomwitia shambani miaka ishirini nyuma, mpaka sauti ikakauka, nao wanawake waliokuja na mitungi wakasimama tu bila kuteka.

Walimzika karibu na kaka yake. Baada ya matanga Kasangaki aling'oa lango kwa mikono yake, na hakuna aliyemwambia aache. Nyamahunge akahamishia kigoda chake palipokuwa na lango. Kila aliyepita, awe mchuuzi, awe mgonjwa, awe mtu wa lugha isiyoeleweka, alimuuliza neno moja: empaako yako nani? Asiyekuwa nayo alimpa, kisha akampeleka nyumbani kula. Mengine yaliulizwa baadaye, au hayakuulizwa kabisa. Alifanya hivyo mpaka alipokufa, na Kunihira akakikalia kigoda.

Na tangu hapo mpaka leo hii mliyotutembelea, mgeni wa Kyamurasi haulizwi atokako kabla ya kuulizwa empaako. Tunazo nyingi za kuwagawia: Amooti, Akiiki, Adyeri, Atwooki, Apuuli. Lakini mwanamke mgeni hatumpi Abwoli. Hilo tunamwachia atakayekuja nalo mwenyewe, na akilitaja, hatumuulizi swali la pili.